Nilizaliwa Tanga, mama ni Mkenya: mimi ni raia wa wapi?

"Shikamoo wakili. Mimi ni msichana wa miaka 22, nilizaliwa Tanga mwaka 2003. Mama ni Mdigo wa Lunga Lunga na ana kitambulisho cha Kenya. Baba ni Mdigo pia, ila wa upande wa pili, Mkinga, ni Mtanzania. Waliachana nikiwa na miaka tisa, mama akarudi nami kwao, na tangu hapo nimesoma Kwale mpaka nikamaliza kidato cha nne. Nilipoenda kwa chifu kuomba barua ya kitambulisho aliangalia cheti changu cha kuzaliwa cha Tanga, akasema mimi ni Mtanzania, mtoto hufuata baba, niende kwetu. Kuna broka ameniambia nimpe elfu kumi na tano anitolee cheti kinachosema nilizaliwa Msambweni. Baba naye anasema nikichukua kitambulisho cha Kenya nitapoteza Utanzania na shamba la babu. Tena kwenye cheti changu jina la mama limeandikwa Mwanasha, kwenye kitambulisho chake ni Mwanaisha. Nimepata nafasi chuoni lakini bila kitambulisho siwezi kuomba mkopo wa HELB, hata laini ya simu ni ya jina la mama. Sina kitambulisho cha nchi yoyote. Nianzie wapi? Na mdogo wangu wa miaka 15, aliyezaliwa Msambweni mama alipokuja kujifungulia kwao, naye atasumbuliwa hivi?"

Marahaba, binti yangu. Nikuondolee kwanza lile linalokukosesha raha: kwa maelezo uliyonipa, wewe ni raia wa Kenya wa kuzaliwa. Hujaambiwa uombe uraia, hujaambiwa usubiri miaka, wala huhitaji hisani ya mtu. Unachohitaji ni kuthibitisha jambo moja tu, kwamba huyo mama aliyekuzaa ni Mkenya. Hilo la Tanzania lina utata wake, na baba yako ana hoja ambayo usiipuuze. Tutafika huko.

Tuanze na chifu. Najua ulitoka pale ukiwa umeumia, lakini chifu hakulizua lile neno. Lilikuwa sheria. Katiba ya zamani ya Kenya, ile ya uhuru pamoja na viraka vyake vyote, ilisema mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya anakuwa raia ikiwa baba yake ni raia. Baba peke yake. Mwanamke Mkenya aliyejifungulia Tanga, Kampala au Muscat kwa mume asiye Mkenya alirudi na mtoto ambaye mbele ya sheria ni mgeni. Siku ulipozaliwa wewe, mwaka 2003, hiyo ndiyo ilikuwa hali, na kama ungeniandikia wakati ule ningekujibu kama alivyokujibu chifu, japo kwa adabu zaidi.

Mambo yaligeuka tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilipoanza kutumika. Ibara ya 14 ina vifungu viwili unavyopaswa kuvijua kwa moyo. Cha kwanza kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake ni raia, awe amezaliwa ndani ya Kenya au nje. Cha pili ndicho chako hasa: kinarudi nyuma na kuwachukua wote waliozaliwa kabla ya siku hiyo, popote walipozaliwa, ikiwa mama au baba ni raia au aliwahi kuwa raia. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ikaongeza sharti dogo kwa waliozaliwa nje kama wewe: huyo mzazi awe ni raia wa kuzaliwa, si wa kusajiliwa. Mama wa Lunga Lunga, mwenye wazazi wa Lunga Lunga, hana shida na sharti hilo.

Kwa hiyo siku Katiba ilipoanza, wewe ukiwa na miaka saba unacheza mdako Tanga, sheria ilikuhesabu raia wa Kenya wa kuzaliwa bila wewe wala mama kujua. Hakuna fomu iliyojazwa. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na hata maofisa wengine: wanadhani kitambulisho ndicho kinachompa mtu uraia. Kitambulisho ni risiti tu. Mali umeshakuwa nayo. Chifu naye hana uwezo wa kukupa uraia wala kukunyima. Kazi yake ni kusema anakujua au hakujui, unakaa kwake au hukai, mama yako ni fulani wa kwa fulani. Uamuzi wa kusajili ni wa msajili wa watu, na yeye anafungwa na Katiba.

Nimecheka kidogo, unisamehe, niliposoma kwamba neno "mtoto hufuata baba" ulilisikia Udigoni. Wazee wenu hao walikuwa wakirithishana kwa ukuche, upande wa mama, kabla ukulume, upande wa baba, haujashika kasi. Tuyaache hayo. Mtoto kufuata baba katika nasaba na mirathi ni jambo la dini na mila, na siligusi. Kwenye uraia wa Kenya halina nguvu tena.

Sasa tuje kwenye mahali pa kuzaliwa, maana hapo ndipo broka anapokuvutia. Duniani kuna njia mbili kuu za mtu kuzaliwa na uraia: kwa ardhi aliyozaliwa, au kwa damu ya wazazi. Marekani, kwa mfano, huwapa karibu wote wanaozaliwa kwenye ardhi yake, tangu Katiba yao ilipofanyiwa marekebisho ya 14 mwaka 1868. Watu wameyasikia hayo kwenye sinema na kwa jamaa walio ng'ambo, wakadhani kila nchi ni vivyo hivyo. Kenya si hivyo. Mtoto wa Watanzania wawili akizaliwa leo hospitali ya Msambweni hawi Mkenya kwa kuzaliwa hapo. Anapata cheti cha kuzaliwa cha Kenya, lakini cheti hicho kinathibitisha kuzaliwa, hakithibitishi uraia. Ardhi ya Kenya peke yake humpa uraia mtoto wa aina moja tu: yule anayeokotwa nchini akionekana yuko chini ya miaka minane na wazazi wake na uraia wake havijulikani.

Ushahidi wa hili unao hapo hapo Kwale. Wamakonde wa Makongeni wengi wao walizaliwa Kenya, na wazazi wao pia. Wahenga wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Walizaa, wakazika, wakapata wajukuu, na bado hawakuwa raia, mpaka mwaka 2016 walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta ndipo serikali ikaanza kuwaandikisha. Wapemba, wavuvi wa pwani ya Kwale na Kilifi, walingoja mpaka 2023. Hawa walikuwa na ardhi ya kuzaliwa wakakosa mzazi raia. Wewe una mzazi raia, umekosa ardhi tu. Mbele ya sheria ya Kenya, kati yako na wao, wewe ndiwe mwenye haki iliyonyooka.

Basi jiulize: broka anakuuzia nini? Anakuuzia uongo usiouhitaji. Cheti cha kwamba ulizaliwa Msambweni hakikuongezei hata nywele moja ya haki, kwa sababu haki yako haitoki Msambweni, inatoka tumboni mwa mama yako. Ila kinaweza kukuharibia. Kutoa maelezo ya uongo ili usajiliwe ni kosa la jinai. Tena una cheti halisi cha Tanga, na sasa kuna kumbukumbu za kidijitali pande zote mbili; siku vyeti viwili vya mtu mmoja vikikutana juu ya meza, kila ulichosema kitatiliwa shaka, hata kile cha kweli kuhusu mama. Nimeona kesi nzuri zikigeuka kesi mbaya kwa njia hii hii, na mwenyewe akabaki akijitetea kwa kosa badala ya kudai haki. Kama umeshampa hizo elfu kumi na tano, zihesabu zimepotea. Kama ameshakuletea karatasi, usiiwasilishe popote, na mweleze wakili kabla hujaenda ofisi yoyote.

Turudi kwa baba yako. Anasema utapoteza Utanzania. Amekosea kidogo kwenye sababu, lakini hatari anayoiona ipo.

Tanzania inaongozwa na Sheria ya Uraia ya 1995, inayotambua raia wa kuzaliwa, wa kurithi (aliyezaliwa nje kwa mzazi Mtanzania) na wa tajnisi (mgeni aliyeomba akapewa). Kifungu cha 5 kinasema aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano kuanzia siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, ni raia, isipokuwa wachache kama watoto wa wanadiplomasia wa kigeni. Ukikisoma kilivyo utadhani Tanzania ni nchi ya ardhi kama Marekani. Mezani kwa afisa uhamiaji si hivyo: utaulizwa wazazi, na asiye na hata mzazi mmoja raia hupata taabu kubwa kuthibitisha Utanzania wake hata kama kitovu chake kimezikwa Pangani. Kwako hilo halina neno, maana ardhi ni ya Tanzania na baba ni Mtanzania. Ulizaliwa Mtanzania kamili.

Tatizo linakuja ukifika miaka 18. Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima. Sheria inamvumilia mtoto mwenye uraia wa nchi mbili, lakini akitimiza miaka 18 inamtaka achague: aukane ule wa nchi nyingine na ale kiapo cha utii, la sivyo ule wa Tanzania unakoma. Soma hapo kwa makini. Sheria haisemi "akichukua kitambulisho cha nchi nyingine". Inasema akiwa raia wa nchi nyingine. Na wewe, kama tulivyoona, ulikuwa umehesabiwa raia wa Kenya tangu 2010. Kwa hiyo saa ya Tanzania haitaanza kugonga siku utakayopakwa wino vidoleni. Ilianza siku ulipotimiza miaka 18, wala hapakuwa na mtu wa kukuambia. Kwa maandishi ya sheria, Utanzania wako huenda una kasoro tayari, uchukue kitambulisho cha Kenya au usichukue.

Haya ni maneno mazito kumwandikia msichana wa miaka 22, najua. Kivitendo hakuna anayezunguka na orodha kuwafutia watu. Suala huibuka pale mtu anapoomba pasipoti, anapogombea cheo, anapogombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba. Ndiyo maana nakusihi usijaribu ule ujanja wanaoufanya wengi wa mpakani, kitambulisho cha Kenya mfuko huu na cha NIDA, mamlaka ya vitambulisho ya Tanzania, mfuko ule. Kenya haina ugomvi na uraia wa nchi mbili: Ibara ya 16 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine, ila sheria ya 2011 inamtaka autangaze huo wa pili, na kunyamaza ni kosa. Tanzania ndiyo isiyokubali. Ukijaza fomu ya NIDA na kutia saini kwamba huna uraia mwingine, umeandika uongo kwa mkono wako.

Kwa hiyo utalazimika kuchagua. Wewe una mama Kwale, shule Kwale, chuo kinakungoja Kenya, na lugha ya maisha yako ya kila siku ni ya Kenya. Ningekuwa mzazi wako ningekuambia shika Kenya. Ila ujue kwamba mlango wa Kenya ndio wenye njia ya kurudia. Raia wa kuzaliwa aliyeukana uraia wake anaweza kuomba kurudishiwa. Ukianza na Tanzania kwa kuukana Ukenya, hujaufunga mlango wa Kenya moja kwa moja. Aliyepoteza Utanzania anarudi kwa tajnisi, kama mgeni mwombaji, na hiyo ni njia ndefu yenye gharama na uamuzi wa waziri.

Upande huo wa Tanzania una uzito mwingine, na jina lake ni shamba. Nchini Tanzania asiye raia hamiliki ardhi kama raia anavyomiliki. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamruhusu kwa ajili ya uwekezaji tu, kwa utaratibu maalumu. Kama babu ana minazi na mikorosho kule Mkinga, na kama kweli unategemea kupata fungu humo, basi kushika Kenya kuna bei. Kenya nayo, tusisahau, humpa mgeni ukodishaji usiozidi miaka 99, kwa hiyo ukishika Tanzania utakuwa mgeni kwenye kiwanja cha mama. Mwanzoni mwa 2025 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi ili kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Hadhi hiyo si uraia na haikupi kura, lakini inagusa mambo haya haya ya kuingia, kukaa na ardhi. Mwambie baba afuatilie ofisi ya uhamiaji Tanga namna inavyoweza kukuhusu. Na mketi muulizane bila kuoneana haya: shamba lina hati au ni la kimila, warithi ni wangapi, fungu lako ni miti mingapi. Pengine unaogopa kupoteza minazi sita.

Tuje kwenye kazi yenyewe.

Mama yako yuko hai na ana kitambulisho, na hiyo ni zaidi ya nusu ya safari. Wengi wanaonijia mzazi wao amefariki na karatasi zimeliwa na mchwa. Usipoteze bahati hiyo. Kabla ya yote, tengeneza lile la Mwanasha na Mwanaisha. Wewe unaliona dogo kwa sababu unamjua mama yako. Mtu wa mezani anaona wanawake wawili. Mama aende kwa wakili au kwa hakimu aape hati ya kiapo kwamba yeye ndiye Mwanasha aliyeandikwa kwenye cheti namba fulani kilichotolewa Tanga na ndiye Mwanaisha mwenye kitambulisho namba fulani, na kwamba amekuzaa wewe tarehe fulani, hospitali fulani. Namba ziandikwe zote, nakala za cheti hicho na kitambulisho hicho ziambatanishwe na zigongwe mhuri huo huo wa kiapo. Kiapo kisichotaja namba hakisaidii sana. Nimeona vinavyosema tu "majina haya ni ya mtu mmoja", na afisa akavirudisha. Kama baba anaweza, na tunaona bado mnazungumza, aombe RITA, wakala wa usajili wa vizazi wa Tanzania, wamrekebishie herufi hizo kwenye daftari la Tanga, na papo hapo aombe uhakiki wa cheti chako. Uhakiki wa RITA unaua ule wasiwasi wa kwamba cheti cha nje huenda ni cha bandia.

Kisha kusanya vya kumfungamanisha mama na Kenya, na wewe na mama. Kitambulisho chake halisi, si nakala. Cheti chake cha kuzaliwa akiwa nacho. Asipokuwa nacho, vitambulisho vya babu na bibi wa Lunga Lunga, hata vile vya zamani vilivyochakaa. Upande wako, kadi ya kliniki uliyochomewa chanjo kama mama aliihifadhi, barua za shule, fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza iliyotaja jina la mzazi, hati ya matokeo ya KCSE. Talaka ya wazazi wako kama iliandikwa, ichukue pia, kwa sababu inataja jina la mama na kueleza kwa nini ulihama. Ndoa yao haipunguzi wala haiongezi haki yako ya Kenya. Hata wangekuwa hawakuoana ungebaki mtoto wa mama yako.

Kwa vile ulizaliwa nje, ofisi ya usajili inaweza kukutaka upitie kwanza Idara ya Uhamiaji ithibitishe kwamba wewe ni raia wa kuzaliwa kupitia mama. Usilichukulie hilo kama kukataliwa. Nenda ofisi ya uhamiaji ya Mombasa na faili lako na mama mwenyewe, eleza kwa sentensi moja: "Nilizaliwa Tanga, mama ni Mkenya wa kuzaliwa, ninaomba kuthibitishwa chini ya Ibara ya 14." Usianze na hadithi ya talaka. Ukishapata uthibitisho, rudi kwa chifu nao. Mara hii hutamwomba aamue uraia wako. Utamwomba aseme unakaa kwake. Ukisajiliwa na kuchukuliwa alama za vidole utapewa karatasi ya kusubiria, piga picha yake siku hiyo hiyo, mbele na nyuma, maana namba iliyo juu yake ndiyo utakayoulizwa kila utakapofuatilia.

Umevuka miaka 18 zamani, kwa hiyo huenda ukaulizwa ulikuwa wapi siku zote. Sema ukweli. Zamani watu wa mpakani walikuwa wakipigwa msasa na kamati za wazee, wakiulizwa jina la babu wa babu na mto uliopita nyuma ya kijiji, na waliochujwa zaidi walikuwa Wasomali, Wanubi na watu wa Pwani wenye majina ya Kiarabu. Februari 2025 Rais Ruto alitia saini tamko huko Wajir la kuondoa msasa huo katika kaunti za mpakani. Tamko hilo halikuondolei kazi ya kuthibitisha mzazi wako, lakini akitokea mtu akakuambia ungoje kamati, muulize kwa upole anatumia sheria ipi.

Ukikataliwa tena, usigombane na usiondoke mikono mitupu. Omba sababu kwa maandishi. Ibara ya 47 ya Katiba na sheria ya 2015 ya haki katika uamuzi wa kiutawala zinakupa haki hiyo. Uzoefu wangu ni kwamba nusu ya majibu ya kukataa huyeyuka mara tu afisa anapotakiwa kuyaandika na kuweka jina lake chini. Ile nusu nyingine hukupa karatasi ya kukatia rufaa.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi, na ukijikuta ndani yake mtafute wakili uso kwa uso kabla ya kupiga hatua. Moja ni kama mama, alipokuwa ameolewa Tanga, aliwahi kuomba uraia wa Tanzania. Kabla ya 2010 Kenya haikukubali uraia pacha, kwa hiyo huenda alipoteza wake hapo katikati. Yale maneno "aliwahi kuwa raia" katika Ibara ya 14 yanaweza kukubeba hata hivyo, na yeye mwenyewe ana haki ya kurudishiwa, lakini mpangilio wa nani aanze unahitaji mtu wa kuwaongoza. Muulize mama leo, na umuulize vizuri. Kina mama wengi walitia saini karatasi walizopelekewa na waume zao bila kujua ni za nini. Nyingine ni kama wewe umeshaandikishwa NIDA, umeshapiga kura Tanzania au una hati ya kusafiria ya huko. Na ya mwisho ni ofisi yoyote ikizuia cheti chako halisi. Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa na huwasaidia wasio na uwezo wa kulipa. Upande wa Tanga, tafuta wakili kupitia Chama cha Mawakili Tanganyika, hasa kwa lile la shamba.

Sikutishi ninaposema cheti halisi kisishikwe. Anudo Ochieng Anudo alikuwa na cheti cha kuzaliwa na pasipoti ya Tanzania. Mwaka 2012 alikwenda kufuatilia ndoa yake, pasipoti ikazuiwa kwa madai kwamba uraia wake una shaka. Mwaka 2014 alifukuzwa kwenda Kenya, Kenya nayo ikasema si wake, akaishia kukaa kwenye kipande cha ardhi katikati ya mipaka miwili, kisicho cha huku wala kule. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua tarehe 22 Machi 2018 kwamba alivuliwa uraia kiholela, na kwamba dola inayopinga hati ilizozitoa yenyewe ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha. Ilitaja pia kwamba ubishi kuhusu wazazi ungeweza kumalizwa kwa kipimo cha vinasaba. Kwako kipimo hicho ni cha mwisho kabisa, lakini kipo, na mama yupo.

Mdogo wako amekaa vizuri zaidi. Alizaliwa Msambweni kwa mama Mkenya, cheti chake ni cha Kenya, na akitimiza miaka 18 hatakumbana na haya. Kupitia baba yeye pia ni Mtanzania wa kurithi, ingawa Utanzania wa kurithi hawezi kuupitisha tena kwa watoto atakaowazaa nje ya Tanzania. Ana miaka mitatu kabla ya sheria ya Tanzania kumtaka achague, muda ambao wewe hukuupata. Kama katika kikao chenu na baba itaonekana shamba lile ni la kupiganiwa, yeye bado anaweza kulipigania kwa njia safi. Hakikisha tu kwamba kwenye cheti chake jina la mama limeandikwa Mwanaisha.